Vipimo vya Bibi Harusi

"Huyo mwalimu wako, mkewe amekwisha kuondoka pale nyumbani?"

Jirani aliuliza hivyo asubuhi moja akianika mashuka, wala hakugeuza shingo. Pini alicheka. Akamwambia, shoga, mke wa mwalimu alifariki, mwaka wa tatu huu, Mungu amrehemu, na kaburi lake watu wanalijua. Jirani akabana kibanio cha mwisho kwenye kamba.

"Kufa, najua amekufa. Nimeuliza kama ameondoka."

Pini aliyachukua kuwa maneno ya mtu aliyekosa kazi. Alikuwa na mapenzi mapya, na mwenye mapenzi mapya hutia pamba masikioni.

Walikutana kwenye mitumba, Jumamosi moja watu wakikanyagana. Pini, ambaye jina hilo alipewa kwa kushika pini midomoni akishona, alikamata pazia jeupe upande mmoja, likavutwa upande wa pili. Alipoinua macho aliona mwanamume mrefu, shati la buluu limepigwa pasi mikono tu, kifuani makunyanzi matupu.

"Niachie, dada. Nina watoto arobaini wanalingoja."

"Arobaini? Mpe pole mama yao."

"Ni wanafunzi wangu wa maigizo."

"Basi kaka, mimi nina thelathini na watano wa ushonaji, nao wanalingoja hilohilo."

Kumbe shule ni moja. Pini alikuwa na wiki mbili tu tangu aajiriwe kulea Chama cha Maarifa ya Nyumbani, na mwalimu wa maigizo ofisi yake ilikuwa ng'ambo ya uwanja. Muuzaji akawaambia walipe kwanza, wachumbiane baadaye.

Tangu siku hiyo simu haikupoa. Mwalimu alipiga kuuliza amekula nini, amelala vipi, cherehani imemchosha au haikumchosha. Alimwita fundi wa moyo wake. Pini akamuuliza maneno hayo ameyatoa kwenye mchezo gani. Mwishowe mwalimu akasema wazi: mchezo wa mwaka huu ukishaonyeshwa, Jumatatu itakayofuata atampeleka kwa mama yake, mambo yawe ya heshima. Pini alikuwa na miaka thelathini na sita. Mama yake mzazi alipopata habari alipiga magoti palepale jikoni akashukuru, kisha akanunua viatu.

Kitu kimoja tu kilimkosesha raha: chumba chenyewe cha ushonaji. Kabla yake kilikuwa cha marehemu mke wa mwalimu, aliyekilea chama kile miaka minane. Cherehani yake ya dirishani wanafunzi hawakuikalia. Wakiipita walishusha sauti, kama wapitao mlango wa mgonjwa. Mikate ikiungua siku ya mapishi, hakukosekana wa kunong'ona kwamba Madam hakupenda.

Nguo za mchezo hushonwa na chama hicho kila mwaka. Safari hii mchezo ulikuwa wa bibi harusi anayemngoja mume aliyesafiri. Wanafunzi walikuwa likizoni, siku zimebana, kwa hiyo Pini akampigia mwalimu amtajie vipimo vya binti atakayeigiza bibi harusi. Fundi hakati kitambaa kwa kusikia. Mtu husimama mbele ya tepu. Lakini alimwamini. Akaandika, simu ameibana begani: kifua thelathini na nane, kiuno thelathini na mbili, urefu hamsini na nne. Mwalimu alivitaja mfululizo, bila kusita, wala haikusikika karatasi ikifunuliwa.

"Na bega la kushoto ulishushe kidogo," akaongeza, kwa sauti laini kuliko zote alizowahi kumsemesha.

Siku ya kujaribu alikuja bibi harusi mwenyewe, binti ambaye wenzake humwita Kijiti. Gauni lilimmeza. Chumba kizima kikacheka. Mmoja akasema humo ndani mna nafasi ya bwana harusi pia. Pini akalitoa, akaivika sanamu ya kujaribia nguo iliyokuwa pembeni, aone amekosea wapi.

Likakaa sawasawa. Kiuno kikashika, bega la kushoto likalala mahali pake. Vicheko vikakatika.

"Sanamu hiyo Madam aliijaza pamba kwa vipimo vyake mwenyewe," Kijiti akasema taratibu. "Bega lake lilikuwa hivyo."

Mlangoni alikuwa amesimama mwalimu. Hakuwaona wanafunzi, hakumwona Pini. Akaliendea gauni, akaliweka vizuri lile bega kwa vidole viwili, kama anavyofanya mume kila asubuhi kabla mkewe hajatoka.

Siku tatu Pini hakupokea simu. Alimshonea Kijiti gauni jingine kwa mabaki ya lile pazia la mitumba, akamwomba Mungu amwonyeshe njia. Mchezo ulionyeshwa mchana, ukumbi ukafurika, watu wazima wakajifuta machozi. Makofi yalipokwisha, mwalimu akaja chumba cha ushonaji, suti nyeusi, ndevu amenyoa.

"Sikukusudia kukuumiza," alisema. "Uliniuliza vipimo, nikafumba macho, vikaja. Nilidhani ni vya Kijiti."

"Nakuamini." Na kweli alimwamini, hilo ndilo lililomtia baridi.

"Mama anatungoja Jumatatu."

"Na wewe, mwenzangu, unamngoja nani?"

Mwalimu akalitazama lile gauni kwenye sanamu. Kisha akasema anampenda, na hilo si uongo. Ila ana ombi moja, na akipewa hatamtaja marehemu tena maisha yake yote.

"Livae. Mara moja tu. Simama pale dirishani."

Pini alimwonea huruma. Alijua kwamba akikubali, Jumatatu itafika na yeye atakuwa mke wa mtu mwema, maana mwema alikuwa. Akaivua sanamu. Kitambaa kilikuwa na joto, ilhali jua lilikuwa upande wa pili wa jengo. Akakiegemeza kifuani pake.

Mwalimu akafumba macho.

Akangoja hivyo, uso umelegea, na ndani yake furaha ambayo kwa miezi yote ile Pini hakuwahi kuiona. Hakuwa na haraka ya kufumbua. Pini akalilaza gauni mgongoni mwa kiti, akavua viatu asisikike, akavishika mkononi pamoja na mkoba wake, akatoka.