Jina Lililopita Mwishoni mwa Filamu

Asubuhi ya Jumamosi, hapa kwetu mjini Bishkeki, nyumba ya Saltanat ilikuwa imetulia tuli. Chai ya maziwa mezani, mkate umekatwa, na Saltanat akisoma gazeti kwa sauti, maana makala yake ilikuwa imetoka. Kazi yake ilikuwa uhakiki wa filamu, na mji mzima uliiogopa kalamu yake.

"'Katuni hii ya msichana anayekua haina kichwa wala miguu,'" akasoma. "'Mama mtu haonekani kabisa. Na huyo mtoto aliyempa msichana sauti, heri wangeazima mbuzi.'" Akaangua kicheko. "Umeisikia hiyo ya mbuzi, Begi?"

Begimai, bintiye wa miaka kumi na mitatu, aliweka kikombe chini, akaingia chumbani, akafunga mlango.

Siku tatu hakumsemesha mama yake. Siku ya nne akaja bibi yake, Kanishai, kutoka mji wa Narin, maana mjukuu alikuwa amempigia simu, akamkuta amekwisha funga mzigo.

"Mwanangu anakwenda wapi?" Saltanat akauliza.

"Kwangu. Huko kuna mtu wa kumsikiliza," mama yake akamjibu. "Kwanza niambie, hiyo filamu uliitazama yote?"

"Niliitazama ya kutosha, mama."

Ya kutosha! Ndugu zangu, nisiwafiche: Saltanat alikuwa na mazoea ya kukaa nusu saa tu, kisha huyoo, anakwenda kuandika. Miaka kumi hakuna aliyemgundua.

"Basi mbuzi wako ndiye huyu," bibi akasema, akimwonyesha Begimai.

Saltanat akamgeukia binti yake. "Begi! Mbona hukuniambia?"

"Nilikwambia mara tatu, mama. Ulikuwa unaandika, ukasema 'mm, vizuri'. Hata karatasi ya ruhusa ulitia sahihi bila kuisoma."

Saltanat alimsihi mama yake amngojee hadi jioni, akatoka mbio hadi ukumbi wa sinema, akakata tiketi, akaketi katikati ya watoto wanaotafuna mbegu za alizeti.

Kwetu, mtoto anapoanza kutembea hufungwa miguu kwa uzi mweusi na mweupe. Wenzake hushindana mbio, na anayefika wa kwanza huukata kwa kisu, ili mtoto asije akajikwaa maishani. Msichana wa filamu hakukatiwa uzi wake, kwa hiyo alijikwaa kila mahali. "Mama, njoo basi," akaita. Saltanat akashtuka. Alikuwa ameisikia sauti ile kila siku nyumbani, nyuma ya mlango wake wa kazi, asiitikie.

Na mama mtu akaja! Alikuja mwishoni kabisa, kiatu kimoja kimemvuka, akawapita watoto wote waliokuwa wakishindana mbio, akaukata ule uzi kwa mkono wake. Saltanat alilia bila kujificha. Taa zikawaka, watu wakatoka, yeye akabaki kuyasoma majina ya walioigiza. Watoto wengine wote waliandikwa kwa majina ya baba zao. La bintiye lilisomeka: Begimai, binti Saltanat.

Alipofika nyumbani, bibi na mjukuu walikuwa wamekalia mzigo mlangoni.

"Nimekaa mpaka mwisho," alisema akihema. "Nimeliona jina lako, na langu kando yake. Asante, mwanangu, sikustahili. Nisamehe."

"Mpaka taa zikawaka?"

"Mpaka mfagiaji akanifukuza."

Begimai akacheka huku machozi yakimtoka, akamkumbatia. Bibi akauvuta mzigo ndani. "Haya, basi chai iko wapi? Nimetoka Narin na njaa yangu."

Wiki iliyofuata gazeti lilitoa makala nyingine ya Saltanat. Alikiri kwamba aliihukumu filamu asiyoitazama yote, akawaomba radhi walioitengeneza, na mstari wa mwisho akamshukuru mtoto mmoja kwa sauti yake. Begimai ndiye aliyeisoma, mezani, na mama yake akaisikiliza yote.

FUNZO

Wazazi wenzangu, mtoto haambiwi "mm". Weka kalamu chini, mtazame usoni, umsikilize mpaka amalize. Saltanat alibahatika, filamu ilikuwa bado inaonyeshwa. Utoto wa mwanao ukishapita, hakuna ukumbi utakaourudia.