Nani Aliyesema Ongeza?

Roseline, mfagiaji wa kliniki moja pale Homa Bay, aliugusa mkanda wa mashine ya kukimbilia, akarudisha mkono haraka. "Caleb, hii kitu iko na moto na hakuna mtu ameiwasha."

"Ni jua," akasema Caleb, mpimaji wa moyo. Jua gani, jamani, na dirisha lenyewe linatazama ukuta! Lakini mtu mwenye kazi hujidanganya upesi.

Saa nne akaingia Noordin, mzaliwa wa Lamu, muuza mabati aliyehamia Migori mwezi uliopita. Mkewe Ruqia akabaki nje ya pazia. Kifua kilikuwa kinambana mzee huyo. Moyo ukistahimili mashine, angerudi dukani na vidonge tu. Ukishindwa, ni kupasuliwa. Caleb akambandika nyaya kifuani, akawasha, akaketi kutazama mapigo kwenye skrini, mgongo kwa mgonjwa.

Kila dakika tatu aliuliza, "Mzee, niongeze?"

"Medie," akajibiwa: ongeza. Akaongeza mwendo. Harufu ya tope la ziwa ikamjia puani. Akauliza tena. "Medie." Mara ya tatu jibu lilitokea sikioni kabisa, na pumzi yake ilikuwa baridi, lakini kidole kilikuwa kimeshabonyeza.

"Basi, mwanangu! Nimekuomba basi mara tatu!"

Caleb akageuka. Noordin alikuwa ameng'ang'ania vyuma, uso umempauka.

"Si umesema medie?"

"Ndiyo nini hiyo?"

Maskini Caleb! Sikio lililolelewa kwa Kijaluo halikushtuka kusikia Kijaluo, na mzee huyu hakujua hata neno moja la lugha hiyo. Caleb akabonyeza kitufe chekundu cha kuzima, mkanda ukazidi mbio, akang'oa waya wa umeme ukutani na bado ukazidi, na nyuma ya miguu ya mzee zikasikika nyayo nyingine, zenye maji, chwa, chwa, chwa, zikimfukuza mtu asiye na pa kukimbilia, Caleb akimvuta mkono huu na kitu kikimvuta mkono ule, hadi mzee akaanguka chini kifudifudi.

Daktari Monari wa kliniki akaja mbio, akahangaika naye nusu saa, kisha akainuka akitikisa kichwa. Caleb akabandua nyaya kifuani mwa marehemu, moja moja, machozi yakimtoka.

Skrini ikaanza kulia. Ti. Ti. Ti.

"Alhamdulillahi!" Ruqia akapaza sauti nje ya pazia. "Daktari, nausikia moyo wake!"

Nyaya zote zilikuwa mkononi mwa Caleb. "Mama," akanong'ona, "tafadhali usiingie."

Lakini mama alikuwa ameshalishika pazia, anacheka kwa furaha.