Vidole Viwili Pungufu

"Pima tena," Bwana Herri alisema.

Mkaguzi akalaza upya fimbo ya kipimo juu ya kitani. Mwanzoni, sawa. Mwishoni, sawa. Katikati, upana ulipungua vidole viwili.

Ilikuwa siku ya soko na ofisi ya mhuri ilijaa wafumaji. Mjini kwetu, kitani kisicho na mhuri hakivuki bahari kwenda Hispania, hukatwa hadharani. Kwa Tugdual, kijana mfumaji aliyeleta kitani hicho, mambo yalikuwa mazito zaidi. Bwana Herri, mfanyabiashara wa kitani, alikuwa amemwambia mbele ya watu: "Kitambaa hiki kikipigwa mhuri, binti yangu Soaz ni mkeo. Kisipopigwa, namwoza kwa Goneri."

Goneri, aliyekuwa akimposa Soaz pia, alikuwa pale pale, anacheka.

"Mfumaji gani huyu? Amekonda yeye, kimekonda na kitambaa chake!"

Mkaguzi akashika mkasi. "Kijana, una la kusema?"

"Sina. Ni mkono wangu."

"Nikiandika udanganyifu, hutafuma tena katika mji huu."

"Andika."

Bwana Herri aliinama, akapitisha kidole polepole kwenye ukingo.

"Mwongo wewe. Huu si mkono wako. Uzi umevutwa mno, kama wa mtu anayejifunza. Nani kafuma hapa?"

"Mimi, mzee."

"Baba, anadanganya," Soaz akasema kutoka mlangoni. "Nimefuma mimi."

Watu wakaguna. Kwetu wanawake husokota uzi. Kufuma ni kazi ya wanaume.

"Wewe? Wapi?"

"Kwao. Mchana, siku kumi na moja. Ulidhani nasokota kwa shangazi."

"Soaz, acha," Tugdual alinong'ona.

"Siachi! Alikuwa na homa, baba, hata kijiko hakishiki. Na siku ya mhuri ilikuwa inakaribia. Mama yake alikuwa nami muda wote, kamuulize. Alipopona akamalizia mwenyewe."

"Mmesikia?" Goneri alipaza sauti. "Binti wa watu anashinda kwa wanaume!"

"Nimeshinda nikifuma. Wewe umeshinda wapi, kilabuni?"

Wafumaji wakacheka. Bwana Herri hakucheka. Kidole chake kilikuwa bado ukingoni.

"Kwa nini ulivuta uzi namna hii?"

"Niliogopa usije ukalegea."

Mzee akauachia ukingo. Kisha akamgeukia mkaguzi.

"Sehemu ya katikati ikate, uitoe. Hizo ncha mbili zipime kila moja kivyake."

Mkasi ukapita. Tugdual alifumba macho. Fimbo ikalazwa, ikainuliwa, ikalazwa tena. Kisha mhuri ukagonga meza mara mbili.

"Lakini mzee," Goneri akaruka, "kitambaa hakikupita!"

"Nilisema kikipigwa mhuri. Wewe umesikia mlio mara ngapi?"

Bwana Herri akakunja kile kipande chembamba, akamtupia Soaz mikononi.

"Hiki hakiuziki. Shona shuka la harusi yako. Na wewe Tugdual, ukiumwa tena, ita mfumaji."

"Amwite wa nini, baba?" Soaz akasema, machozi yanamtoka. "Si atakuwa naye ndani?"