Jina la Yule wa Hanbat

Kila siku baada ya masomo, Da-on, msichana wa miaka kumi na miwili, aliingia maktaba ya wilaya pale Yecheon kusubiri basi la saa kumi na moja. Kwa kawaida alifanya hesabu. Wiki hiyo alifunua madaftari ya zamani ya shule.

Bibi yake alitaka kuweka jiwe jipya kwenye kaburi la mama yake kabla ya Hansik, siku ya kusafisha makaburi. Lakini jina la kuchonga halikujulikana. Bibi alifiwa na mama akiwa na miaka mitatu, na zamani mke hakuitwa kwa jina lake. Aliitwa kwa kijiji alikotoka. Watu walimwita "yule wa Hanbat", basi. Hata kitabu cha ukoo kiliandika tu: mke, wa ukoo wa Kwon, binti wa Kwon Byeong-ho.

"Alifariki mwaka 1950, akiwa na miaka ishirini na saba," Bibi alisema.

Da-on alitoa ishirini na saba, akapata 1923. Jumatatu, katika nakala ya daftari la shule ya Hanbat, alikuta msichana mmoja tu wa Kwon aliyezaliwa mwaka huo: Ok-bun. Alikimbilia basi bila kufunga begi.

Bibi alilitaja jina hilo akiosha mchele, akalitaja tena akianika mashuka. "Ok-bun! Kumbe mama yangu ana jina!" Akampigia simu mchonga mawe.

Jumatano Da-on alirudi kunakili ukurasa ule. Bi Seok, mkutubi, akagusa safu ya mwisho. "Hapa pana jina la mzazi. Ulilisoma?"

"Hapana, Bi. Safu hiyo ni ya herufi za Kichina."

Bi Seok akasoma polepole. "Kwon Tae-sik."

Si Byeong-ho. Kumbe hakuwa binti yule wa kitabu cha ukoo.

"Nyamaza tu," alinong'ona Gyu-bin, mtoto wa jirani aliyesubiri naye basi. "Jiwe halina ulimi. Bibi ameshafurahi, unataka kumliza?"

"Litasimama pale miaka mia, Gyu-bin."

"Haya, mkaidi wee. Mimi nina njaa." Akatoka.

Da-on alitoka hadi barazani, akapiga simu. "Bibi, nimekosea. Ok-bun si yeye. Jina lenyewe bado silijui. Mwambie mchonga mawe asianze."

"Nitamwambia," akasema Bibi, akakata simu.

Da-on aliporudi mezani macho yakiwa mekundu, Bi Seok alimwuliza, "Ule mwaka uliupataje?"

Da-on akaeleza.

"Huo umri Bibi kauhesabu kizamani. Kwa hesabu hiyo, mtoto akizaliwa tu ana mwaka mmoja. Toa ishirini na sita."

Wakatafuta aliyezaliwa 1924. Kwon Sam-rye. Safari hii Da-on hakukimbia. Aliweka kidole kwenye safu ya mwisho, akamwomba Bi Seok asome mara mbili.

"Kwon Byeong-ho," alisoma Bi Seok. "Byeong-ho."

Jioni Bibi aliushika ule ukurasa kwa mikono miwili.

"Siku mbili nimemlilia mama wa mtu mwingine," akasema, akicheka na kufuta macho. "Si kitu. Huenda naye hakuwa na wa kumlilia."

"Nisamehe, Bibi."

"Kukosea si aibu, mjukuu wangu. Aibu ni kulijua kosa ukaliacha lichongwe. Uliponiambia hujui, iliniuma. Lakini kama usingeniambia, hata hili la leo ningeliamini vipi?"

Kisha akavaa miwani, akachukua simu, akamsomea mchonga mawe jina la mama yake, herufi moja baada ya nyingine.