Bibi wa Mlangoni

Haya yalimpata mume wa dada yangu, na sehemu kubwa niliiona kwa macho yangu mawili, kwa hiyo anayetaka kubisha abishane na mimi, asiende kumsumbua dada. Mimi ni fundi cherehani. Mashine yangu iko barazani kwa dada, kushoto mwa mlango wa mbele, na nikikaa pale namwona kila anayeingia na kila anayetoka. Shemeji yangu kazi yake ilikuwa kuandika michezo ya simu. Si ile ya kukimbiza magari na kupiga risasi. Yake ilikuwa ya maneno: unafika katika mji, unakutana na watu, mtu anakuambia jambo, chini yake yanatokea majibu matatu, nawe unagusa unalolitaka. Hadithi inafuata jibu lako. Mji wenyewe alikuwa ameutunga yeye, mitaa yake, mvua yake isiyokatika, hata mbwa wake.

Siku ninayoanzia ilikuwa ya kawaida kabisa. Jua lilikuwa limekolea. Mama yake shemeji, ambaye sote tulimwita Bibi kwa kuwafuata watoto wa dada, alikuwa amekaa karibu yangu anakunja nguo zilizokauka na kunipa umbea wa harusi moja ya zamani, ambayo bwana harusi aliondoka na msafara akamsahau mkewe chumbani anavaa viatu. Bibi alijua kusimulia. Nilicheka mpaka nikashona mkono wa shati juu chini. Shemeji akatoka ndani, akaweka simu yake juu ya rundo la nguo, akasema endelea tu, mama.

Alikuwa anamrekodi. Bosi wake alikuwa amemwambia kwamba watu wa mji wake wanaongea kama tangazo la redio, na yeye badala ya kukaa akajifunza kutunga, akaamua kuchota kwa mama yake. Bibi wala hakukasirika. Aliona fahari, maskini. Alidhani mwanawe hatimaye ameanza kumsikiliza.

Basi akachota kila kitu. Kikohozi chake, namna anavyovuta pumzi kabla ya neno zito, namna anavyokuita mwanangu hata kama humhusu. Mwisho akachota na lile ambalo Bibi hakuwahi kumwambia mtu. Kwamba shemeji alipokuwa mchanga, wakwe wa Bibi walimtoa Bibi nje kwenye mvua, mtoto mgongoni, naye akapita nyumba moja baada ya nyingine mtaa mzima akibisha hodi. Aliwasikia watu ndani wananong'ona. Hakuna aliyemfungulia mpaka kulipokucha. Bibi alilisema hilo huku machozi yanamtiririka, na mimi nilikuwepo, na nilimwona shemeji anainama kutazama kama simu bado inarekodi.

Hivyo ndivyo alivyozaliwa Bibi wa Mlangoni. Katika mchezo, wewe umo ndani ya nyumba, nje mvua inanyesha, mwanamke mzee anabisha anaomba aingie. Majibu yako yalikuwa matatu: Mfungulie. Muulize ni nani. Nyamaza. Ukimfungulia anaingia, anapewa maji, anakunywa, anasema asante mwanangu, anakaa kitini. Basi, imeishia hapo. Ukinyamaza, hapo ndipo utamu ulipokuwa, maana anabembeleza, analia, anasimulia habari ya mtoto mgongoni.

Na watu walinyamaza. Shemeji alikuwa na namna ya kuona kila mchezaji amegusa nini, na usiku na mchana walikuwa wanagusa Nyamaza, wengine mara nyingi mfululizo, ili waone mwanamke atafika wapi. Akawaandikia zaidi. Akamwongezea kilio, akamwongezea homa. Dada alipomwambia kwamba lile ni donda la mama yako, alijibu huku anatafuna kwamba wachezaji hawamjui mama, na kwamba wema hauna utamu. Kisha, kwa kuwa waliokuwa wanafungua ni wachache na bosi alisema wanaharibu, akalitoa lile jibu la kufungua. Yakabaki mawili. Wahenga walisema mchezea zuri baya humfika, ila wakasahau kusema kwamba baya likishuka huanza na asiye na hatia.

Bibi ndiye aliyeanza kubadilika. Alikuwa akisema jambo, kisha ananyamaza anakutazama kifuani, kama vile hapo pameandikwa kitu anasubiri ukichague. Usipojibu anavyotaka, analirudia lile lile, kwa sauti ile ile, na pumzi ile ile kabla yake. Umbea wa harusi ukamtoka. Daktari alisema ni uzee. Dada akakubali, maana mtu hukubali lile linalomwezesha kulala.

Halafu ikaja siku ya upepo. Mchana, saa za chakula. Bibi alishuka uwanjani mbele ya nyumba kuokota vibanio vya nguo, na upepo ukausukuma mlango ukajifunga. Akapanda ngazi. Akabisha. Nikamwambia, huku nakata uzi kwa meno, asukume tu, haujafungwa kwa komeo.

Hakusukuma. Akanigeukia.

"Mwanangu, nifungulie. Nimelowa."

Jua lilikuwa linawaka. Lakini nguo zake zilikuwa zinachuruzika maji.

Niliinuka. Nikausukuma mlango, ukafunguka bila shida. Nikaingia hatua moja, nikageuka nimshike mkono. Hakukuwa na mtu. Nikatoka tena nje. Cherehani, stuli, vibanio vimemwagika chini. Nikarudi ndani, nikamwita dada kwa sauti ambayo hata mimi sikuitambua. Akaja mbio, na upepo ukaufunga tena mlango, tukiwa wote wawili ndani.

Hodi.

Dada akafungua. Hakuna mtu.

Akafunga.

Hodi.

Shemeji alipofika alituambia tumechanganyikiwa. Alipita mlango ule ule bila kuona kitu. Kisha mlango ulipofungwa nyuma yake akaisikia sauti ya mama yake, nje, inasimulia habari ya mtoto mgongoni. Neno kwa neno, kama alivyoiandika. Na pale alipoongeza homa, sauti ikaanza kutetemeka kwa homa.

Akaufungua. Akaufunga. Akaufungua. Sikuwahi kumwona mwanamume mzima akifanya kitu kile kile mara nyingi vile. Nikamsogelea, nikamnong'oneza.

"Shemeji, ulilitoa jibu. Lirudishe."

Alinielewa mara moja. Hapo ndipo nilipojua kwamba muda wote alikuwa anajua. Akaweka kompyuta juu ya meza ya chakula, akasukuma sahani zikaanguka, akalirudisha jibu la kufungua. Tukasubiri. Hodi ikaendelea. Kurudisha jibu ni kitu kimoja, watu kuligusa ni kitu kingine, na watu walikuwa wameshazoea kunyamaza.

Ndipo alipofanya upumbavu ambao hata leo nikiukumbuka damu inanichemka. Aliwaandikia wachezaji wote ujumbe, akawasihi kwa jina la mama zao wamfungulie yule mwanamke. Mwambie mtu usiguse, uone. Hata waliokuwa wameuacha mchezo walirudi. Wakanyamaza. Wakanyamaza kwa maelfu. Mlango wetu ukaanza kubishwa hodi juu ya hodi, chini, juu, kwenye bawaba, kama vile watu wengi wanapiga kwa pamoja, na nyuma ya kelele hizo sauti moja tu, inafifia.

"Mwanangu. Mwanangu, mtoto anakufa na baridi."

Mtoto huyo alikuwa amekaa mezani kwetu, ana ndevu, analia.

Akasema atayatoa majibu mengine yote, libaki la kufungua peke yake. Watake wasitake, watafungua. Dada akamshika mkono. Akamwambia aandike kwanza kitakachofuata. Akishakunywa maji, akishakaa, kisha nini? Andika anaongea. Andika anacheka, anakula, analala, anaamka. Shemeji akautoa mkono wa dada.

"Aingie kwanza. Mengine nitaandika."

Akabonyeza.

Hodi ikakatika.

Alikimbia, akaufungua mlango wazi, stuli yangu ya barazani akaipiga teke. Nje jua. Uwanjani kumekauka. Alikuwa amemwandalia mama yake kikombe cha maji, nacho alikishika mkononi muda mrefu, akimwita, akizunguka nyumba, akirudi kusimama pale pale kizingitini. Hakuna aliyeingia. Simu yake ilipolia akaipokea haraka, nadhani alitarajia muujiza, kumbe ni bosi. Amevuruga mchezo bila ruhusa, kazi hana, na njia yake ya kuingia kwenye kompyuta za kampuni imefungwa tangu dakika ile. Hata nukta asingeweza kuongeza.

Tuliomboleza bila maiti. Majirani tuliwaambia Bibi alipotea, kwa kuwa wazee hupotea. Shemeji akawa anashinda barazani karibu yangu, mlango umeachwa wazi kutwa, mvua ije jua lije. Nilimchukia na nilimhurumia, na vyote viwili vilikaa ndani yangu bila kugombana.

Kisha akaja mwanamke mmoja. Alikuwa amevaa sare ya uuguzi, viatu vina vumbi la safari, na alitamka jina la shemeji kama mtu aliyelisoma mahali, si kama mtu anayemjua. Alisema amelikuta limeandikwa mwisho wa mchezo. Hakutaka kukaa. Alimtazama shemeji usoni, akatazama pua yake kama anayeifananisha na nyingine, akaitikia kwa kichwa taratibu.

"Ni mama yako," akasema kwa sauti ya chini. "Nilimfungulia. Lilikuwepo jibu hilo moja tu, nikaligusa. Nikasikia hodi ya kweli."

Shemeji akauliza yuko wapi.

"Sebuleni kwangu. Alikunywa maji, akashukuru, akakaa. Mpaka leo amekaa. Hali, halali, hafumbi macho. Nimejaribu kumwinua, hainuki. Wanangu siku hizi wanapitia mlango wa nyuma. Nimekuja kukuuliza wewe uliyemwandika. Baada ya hapo anafanya nini?"

Nilidhani atapiga magoti. Nilidhani atasema twende. Alijibu kwa kunong'ona, bila kumtazama.

"Hakuna baada ya hapo."

Shemeji alikwenda naye, na alirudi peke yake. Hatukuambiwa aliyoyaona, ila dada anasema usiku ule usingizini alikuwa anasema mama nitazame, mimi ndiye mwanao. Wiki haikuisha akaja mwingine, mzee mwenye duka la vifaa vya umeme. Kisha vijana wawili ndugu. Kisha mwalimu. Kila mmoja ametoka mji wake, kila mmoja ana Bibi wake kitini, kila mmoja na swali lile lile. Wengine walikuja na hasira. Mmoja aliuliza kama inaruhusiwa kumfunika shuka wageni wakija. Wote Bibi aliwaita mwanangu mara ile moja alipopewa maji, na wote walilisema hilo kwa aibu kidogo, kama waliochukua kisicho chao.

Yule mwalimu ndiye pekee aliyejaribu kumpiga picha. Akatuonyesha pale barazani, jua limepamba moto, tukakusanya vichwa juu ya simu yake. Ukuta wa njano. Saa ya ukutani. Kiti kimoja cha mbao, kitupu, chenye mto wa kukalia wa maua. Na ule mto ulikuwa umebonyea katikati, umebonyea sana, na ncha zake zote nne zimeinuka.

Shemeji aliikuza picha kwa vidole viwili, akaikuza mpaka ikabaki maua matupu. Kisha akamwomba mwalimu amtumie. Ndiyo aliyoiweka kwenye kioo cha simu yake mpaka leo.