Kadi Yenye Doa la Hina

Kipimakadi kilimulika kadi, kikachunguza nyuzi za karatasi, kikanusa umri wa wino, kisha kikaifungia ndani ya kasha angavu lisilofunguka. Kilimaliza kabla mteja hajamaliza kusalimia. Tanga nzima ilikipenda. Zamani wauza kadi za picha na saini za wanasoka walikuwa na maneno mengi, maana mwamba ngoma huvutia kwake. Siku hizi mashine hutoa daraja na ubishi unakwisha.

Mhandisi Kidawa ndiye aliyeifunza kutambua saini. Kila asubuhi sauti yake ilisikika redioni: "Kipimakadi hakikosei." Alikwisha kuizoea kauli hiyo, hata hakuisikia tena.

Siku moja, Kidawa akiwa kando ya mashine, alikuja Mzee Sheshe, na kadi ya marehemu mkewe, Mwanasiti, aliyekuwa golikipa. Hakuja kuuza. Alitaka ifungwe isichakae, basi.

"Saini si yake," mashine ilisema. "Kadi haina daraja."

"Haiwezekani, mwanangu," mzee alimwambia Kidawa. "Aliitia mbele ya macho yangu."

"Lini, baba?"

"Siku ya hina yake. Nilimchungulia dirishani, nikampenyezea kadi na kalamu. Shangazi zake walinifukuza, lakini alikwisha kuandika."

Kidawa aliiinamia kadi. Saini ilikuwa imeyumba, na pembeni palikuwa na doa la kahawia. Akaikumbuka hina yake mwenyewe: vidole vimetanuliwa, mtu mzima analishwa ubwabwa kama mtoto. Nani angeweza kushika kalamu sawasawa na hina mbichi mikononi? Alikuwa ameilisha mashine saini za viwanjani na za mikataba. Ya bibi harusi hakuwahi kuifikiria, naye mwanamke. Aliona haya.

Akaiamuru mashine ifunge kadi. Ikakataa. Yeye ndiye aliyeiunda isimsikilize mtu yeyote, ili watu waiamini.

"Baba, imekosea. Mimi nakuamini wewe."

Mzee Sheshe alimtazama kwa upole.

"Ahsante kwa kunifariji. Lakini redioni ulisema haikosei. Na wanangu wananiambia kichwa changu siku hizi kinachanganya mambo. Nilikuwa nawabishia. Pengine dirisha lile lilikuwa la nyumba nyingine."

"Lilikuwa lake, baba. Hina hii hapa, itazame."

Hakuitazama. Aliisukuma kadi kando, akaingiza mkono katika mfuko wa kanzu, akatoa picha ya harusi iliyokunjamana na kuiweka chini ya miale ya mashine.

"Nipimie na hii," alisema. "Nataka kujua kama nilimwoa."

Kidawa aliifunika picha kwa kiganja chake. Mzee hakumwangalia. Alikuwa ameielekezea mashine uso wake, akingoja.