Ngazi Iligonga Mkia wa Ndege

Mimi na binti yangu tunaosha ndege. Tunafika karakana alfajiri, tunavaa mabuti, tunavuta ngazi ya magurudumu. Yeye ana miezi miwili tu kazini. Bado yuko kwenye majaribio.

Siku moja aliisukuma ngazi mbio. Chuma kikagonga mkia wa ndege, du. Moyo ukanilipuka paa. Tukapangusa povu, tukatazama. Hakuna hata mkwaruzo.

"Mzima huu," nikamnong'oneza. "Funika kombe mwanaharamu apite."

"Mama, mchana watu wanapanda humu."

"Nawe utafukuzwa. Tundu umeliona wapi?"

Akaiacha ngazi pale pale. Alikwenda moja kwa moja kwa fundi mkuu, mwanamke tunayemwita Mama Kinyundo.

Mama Kinyundo alikuja na kinyundo chake. Akagonga mkia polepole. Ti, ti, ti. Alipofika pale ngazi ilipogonga: dup.

"Mmesikia?"

Nilisikia. Sauti ilikuwa butu, kama ya kitu kilichoachana ndani.

"Mkia huu si bati," akasema. "Ni vitambaa vya nyuzi za kaboni, nyembamba kuliko unywele. Vimepangwa tabaka juu ya tabaka na kushikwa na gundi ngumu. Nyuzi zinabeba mzigo, gundi inazishikilia. Ndiyo maana mkia ni mwepesi na una nguvu."

"Mbona haukubonyea?" nikauliza.

"Bati likigongwa hubonyea, likakuonyesha. Huu juu unaweza kurudi ukawa sawa, kumbe ndani tabaka zimeachana."

"Na tungenyamaza?"

"Jeraha lingeweza kukua huko angani, dada."

Akamgeukia binti yangu. Nikafumba macho.

"Wewe, kesho uje nikufundishe kugonga."

Ndege ilibaki chini siku tatu. Mafundi waliipima kwa mashine. Wakasugua tabaka mbovu zikatoka, wakabandika mpya, wakaziivisha kwa joto. Mama Kinyundo akagonga tena: ti, ti, ti, kila mahali. Ilipopaa tulisimama nje na ndoo zetu, tukaipungia mikono kama watoto wadogo.

Siku hizi binti yangu anagonga kila kitu nyumbani. Juzi kanigonga mgongo. "Mama, wewe mzima."

Nilicheka, lakini mzazi mwenzangu, nisikilize. Aliyesema tufunike ni mimi, mtu mzima. Mtoto akikuambia amegonga kitu kazini, usimzibe mdomo. Mwache akaseme. Hata kama hakuna alama. Hasa kama hakuna alama.